Namna ya kuchagua begi la kupandia Kilimanjaro

Jamani nimepeleka watu mlimani miaka mingi sasa na bado kila msimu kuna mtu anatokea geti la Machame na begi la matairi. Kule juu matairi hayana kazi, begi linabebwa kichwani au shingoni na mgumu, ndo tunavyowaita wapagazi wetu, siku sita au saba. Kuna kijana nilimuona amekunja sweta lake akaliweka shingoni sababu vyuma vya mpini vinamchoma kila akikanyaga, tumefika kambi ya Shira ana michirizi miwili myekundu. Iliniuma sana.

Hatua ya 1: tafuta begi refu laini la turubai, halina fremu wala matairi, lita 80 hivi linatosha kabisa. Mitumba ya soko la Memorial pale Moshi unayapata mazuri tu. Vuta mikanda kwa nguvu hapo hapo kabla hujalipa, ukiona nyuzi zinaachia lirudishe.

Hatua ya 2: pima nyumbani. Mgumu mwisho wake kilo 20 na vitu vyake humo humo, kwa hiyo begi lako lisizidi kilo 15 na getini kuna mzani, ukizidisha utaanza kupunguza nguo mbele za watu.

Hatua ya 3, hii wengi wanaidharau, begi la mgongoni unalobeba mwenyewe. Lita 30, liwe na mkanda wa kiunoni ili uzito ukae kwenye nyonga usining'inie mabegani, na kava la mvua. Humo weka maji, koti la mvua, sweta, dawa na pasipoti au kitambulisho, maana begi kubwa hulioni mpaka kambini. Halafu funga kamba fupi kwenye kila zipu, usiku wa kutoka kambi ya Barafu kwenda kilele cha Uhuru una glavu nene na vidole vimekufa ganzi, kile kichuma kidogo cha zipu hukishiki ng'o.

Hatua ya 4: nguo za kulalia na soksi zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, sio rambo za plastiki, zimepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Sutikesi yako iache hotelini Moshi, hoteli nyingi wanakutunzia mpaka ushuke.