Soma uchafu kwanza: kufufua injini ya Datsun 240Z kwenye baridi ya Mbeya

Mzee mwenye gari alinipigia kutoka Tukuyu akasema, "Fundi, mimi nataka ing'ae tu. Ovahoo, ya kufumua injini yote, sitaki." Nikamjibu, "Sawa mzee wangu, lakini kung'aa ni kazi ya mwisho." Nilipofika kwake nikaikuta Datsun 240Z imelala chini ya turubai, pembeni ya migomba. Mvua za Tukuyu mnazijua. Nikafungua boneti: kiota cha panya juu ya betri, majani makavu, na oili iliyochanganyika na vumbi ikaganda kama lami. Tukaipakia kwenye Fuso, tukapanda nayo taratibu mpaka gereji, Mbeya mjini.

Kwa wasiolijua gari hili, Nissan walilitoa mwishoni mwa 1969 na toleo la 240Z likaendelea hadi 1973. Injini yake ni L24: silinda sita mstari mmoja, cc 2,393, bloku la chuma, hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu, kabureta mbili. Ndilo lililoshinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Ndiyo maana wazee wakiliona barabarani husimama.

Maelezo haya ni ya kazi inayofanyika injini ikiwa ndani ya gari. Mengi yatakufaa hata kama una Datsun pikapu au Toyota ya zamani ya kabureta.

Hatua ya 1: Usioshe kitu

Vijana wengi hukosea hapa. Injini chafu ni shahidi, na ukiiosha umemfukuza kabla hajasema. Chukua tochi na simu, piga picha kila upande, halafu soma.

Oili mbichi inayoanzia juu na kushuka nyuma ya hedi, mara nyingi ni gasketi ya tapeti kava, yaani mfuniko wa juu ya hedi. Madoa ya kahawia chini ya bakuli la kabureta ni petroli iliyovuja na kukauka. Ukungu mweupe au wa kijani kuzunguka mipira ya rejeta ni maji yanayopenya. Masizi meusi penye manifoldi (matawi ya mabomba yaliyofungwa kwenye hedi) ni moshi unaotoka kabla ya kufika kwenye bomba la ekzosi.

Kwenye gari la mzee nilikuta masizi kati ya silinda ya tano na ya sita, na mchirizi wa kutu chini ya pampu ya maji. Pampu ile ina kitundu kidogo kwa chini. Maji yakitoka hapo, sili ya ndani imekufa, hakuna mjadala. Vyote viwili vingefutika kwa dakika kumi za maji ya presha, na mzee angeondoka na injini inayong'aa ambayo ingechemka kabla hajafika Uyole.

Hatua ya 2: Izungushe kwa mkono

Injini iliyolala miaka usiipige stata. Toa plagi zote sita, uzipange kwa namba, maana rangi ya kila plagi ni habari ya silinda yake. Mimina oili safi kidogo, kama kijiko cha chai, kwenye kila silinda, ulale. Kesho yake weka boksi spana namba 27 kwenye bolti ya puli ya krenki, uzungushe polepole kuelekea kulia. Ikigoma, usiongeze bomba kwenye spana. Ongeza oili na siku.

Ikizunguka vizuri, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam. Kwa hiyo geji itasoma chini ya namba ya kwenye kitabu hata injini ikiwa nzima. Nimeona watu wakifungua injini nzuri kwa sababu hiyo tu. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi sehemu moja ya kumi, naanza kuuliza maswali. Ya mzee zote sita zilikaribiana, nikashusha pumzi.

Hatua ya 3: Kufungua

Toa betri kwanza. Kabla ya kuchomoa waya au mpira wowote, funga plasta uandike unakotoka na unakokwenda. Bolti za kila kifaa ziingie kopo lake. Makopo ya Blue Band yanatosha kabisa.

Manifoldi ya kuingiza hewa na ya ekzosi kwenye L24 zimekaa upande mmoja, kabureta juu, ekzosi chini yake. Stadi za hapo (bolti zisizo na kichwa) zimepikwa na moto kwa miaka hamsini. Ukizilazimisha zinakatika, na kutoa kipande kilichobaki ndani ya aluminiamu ni kazi ya siku nzima ya kumwomba Mungu. Pasha nati moto, gusisha nta ya mshumaa ivutwe ndani ya nyuzi, acha ipoe kidogo, kisha kaza nukta moja ndipo ulegeze. Kaza, legeza, kaza, legeza. Nimetumia saa mbili kwa nati kumi na mbili, na sikujutia.

Hedi sikuishusha, lakini kama itakubidi, sikiliza. Kabla ya kutoa gia ya kamshafti, pigilia kabari ya mbao katikati ya cheni ili kukishikilia kibana cheni kule chini. Usipofanya hivyo kitaruka nje, na utalazimika kufungua mbele yote ya injini. Kabari ile ifungie kamba, isije ikazama.

Hatua ya 4: Sasa osha

Nilipokuwa msaidizi wa fundi nilipeleka gari la mteja sehemu ya kuoshea magari, kijana wa pale akaielekeza presha kwenye injini kama anaosha lori la viazi. Maji yakaingia kwenye distribyuta, kwenye kabureta, na kwenye kila soketi ya waya. Tulikausha siku tatu. Tangu hapo sitaki kuona mashine ya presha karibu na injini ya kabureta na pointi (swichi ndogo ya cheche ndani ya distribyuta).

Funga matundu yote ya hedi kwa vitambaa safi na mifuko, ufunike alternata na distribyuta. Kwangua kwanza kwa kijiti cha mbao. Kwangulio la chuma linaacha makovu kwenye aluminiamu. Kisha brashi na mafuta ya taa, ukianzia juu kwenda chini ili uchafu usichirizike kwenye sehemu uliyokwisha kuisafisha. Acha robo saa, futa, rudia. Mwisho maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kwa mswaki, suuza kwa chupa ya kupulizia. Petroli usiitumie kuoshea, hata kama bosi wako alikuwa akiitumia. Na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Kuna watu huchemsha vipuri kwenye magadi moto, maarufu kama kostiki. Kwa chuma ni sawa. Kwa hedi, tapeti kava au mwili wa kabureta, usithubutu: kostiki inakula aluminiamu mpaka inatoa povu.

Hatua ya 5: Kutu na magadi ya jikoni

Breketi za chuma, puli na kishikio cha betri vilikuwa vimeliwa na kutu. Hapa situmii msasa, natumia umeme. Ndoo ya plastiki, maji, na magadi soda kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne. (Mke wangu alilalamika kwamba magadi ya maharage yanaisha haraka kuliko maharage.) Weka kipande cha chuma chakavu upande mmoja, breketi upande wa pili, visigusane. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye breketi, chanya kwenye chuma chakavu. Ukigeuza, breketi yako ndiyo itakayoliwa.

Fanyia nje, kwa sababu mapovu yale ni haidrojeni na yanashika moto. Usitumie stenlesi kama chuma chakavu, inaacha sumu ndani ya maji. Usiingize aluminiamu. Bolti zinazobeba nguvu kubwa na springi zisahau pia. Haidrojeni huzifanya ziwe na tabia ya kuvunjika ghafla. Baada ya usiku mmoja kutu inakuwa tope jeusi la kufuta kwa brashi. Kausha mara moja na upake rangi ya msingi, maana chuma kilicho wazi hivyo hupata kutu mpya ukiwa bado unatafuta kitambaa.

Hatua ya 6: Mng'ao, kwa mzee aliyeusubiri

Bloku la L24 lilitoka kiwandani likiwa la bluu. Sehemu iliyojificha nyuma ya stata huwa bado ina rangi yake halisi. Isugue, uipeleke wakuchanganyie rangi ya injini inayolingana. Paka kwa brashi ndogo kama huwezi kupulizia, tabaka mbili nyembamba. Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya usipake kabla ya jua kupanda. Chuma baridi kina umande usioonekana, na rangi itabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa.

Manifoldi ya ekzosi inahitaji rangi inayostahimili nyuzi 600, na rangi hiyo haikomai mpaka ipate moto hatua kwa hatua: washa dakika kumi, zima, ipoe, washa ishirini.

Tapeti kava ni aluminiamu tupu yenye herufi za OHC zilizoinuka. Msasa wa maji namba 400, 800, 1200, 2000, kila namba ukisugua kukatiza mistari ya namba iliyotangulia. Malizia kwa Brasso na kitambaa cha pamba. Mimi binafsi huishia 800 na kuacha uso wa kawaida wa kiwandani. Kioo kwenye injini ya 1972 kinanikera. Lakini gari si langu. Mzee alipojiona usoni mwa tapeti kava alicheka akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," asante sana, basi.

Hatua ya 7: Kabureta

Kabureta hizi za Hitachi zina pistoni inayopanda na kushuka ndani ya kuba. Kila pistoni ilizaliwa na kuba lake. Fungua moja, safisha, funga, ndipo ugeukie ya pili. Ukizichanganya, moja itasugua na injini haitatulia sailensa (ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) hata urudie mara mia. Zioshe, usizisugue kwa msasa. Mipira yote ya petroli ibadilishwe bila kuikagua, kwa sababu ikivuja, tone linaangukia moja kwa moja juu ya ekzosi ya moto.

Nati ya chini ya kabureta ndiyo inayopanga mchanganyiko: kuipandisha kunapunguza petroli, kuishusha kunaongeza. Kawaida ni kuipandisha mpaka mwisho halafu kuishusha mizunguko miwili na nusu. Hapa kwetu, kwa hewa hii nyepesi, naanzia miwili kamili. Halafu sikilizisha kila kabureta kwa mpira mwembamba ulioutia sikioni, mpaka mivumo ifanane.

Hatua ya 8: Maji, na themostati inayotupwa

Mama yeyote wa Mbeya anajua maharage hapa yanachelewa kuiva. Maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, si 100. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta unaoshikilia presha si pambo. Ukilegea, injini inachemka ikiwa na joto ambalo Dar lingekuwa la kawaida. Na kwa vile bloku ni chuma na hedi ni aluminiamu, maji matupu ya bomba yanaitafuna hedi. Tia kulanti nusu kwa nusu.

Kuhusu themostati, kile kifaa kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, mafundi wengi huitoa na kuitupa. Kwenye baridi yetu injini hiyo haipati joto, petroli isiyoungua inateremka kwenye oili, na ringi zinaisha mapema. Nunua mpya ya nyuzi 82, uijaribu kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto.

Hatua ya 9: Kuwasha

Panga nafasi za tapeti: injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.25 za kutoa. Ikipata moto, rudia kwa 0.25 na 0.30. Nafasi ya pointi milimita 0.5. Nyaya za plagi zifuate 1-5-3-6-2-4, na rota ya distribyuta inazunguka kinyume cha saa. Piga stata bila plagi mpaka geji ya presha ya oili ipande. Rudisha plagi, washa.

Ya mzee iliwaka mara ya tatu, ikapiga chafya, ikatulia. Nikaangalia zile sehemu mbili tu zilizokuwa zikivuja: kati ya silinda ya tano na ya sita, na chini ya pampu ya maji. Pakavu.

Kaza manifoldi tena baada ya kilomita mia mbili, injini ikiwa baridi. Na kama mnashuka nayo Dar, nati zile za kabureta ziwekeni alama ya rangi kabla ya kuondoka. Mkimaliza Kitonga na kufika Ruaha Mbuyuni, simameni, mshushe kila nati nusu mzunguko. Hewa ya bondeni ni nzito, na mchanganyiko wa Mbeya kule utakuwa na petroli kidogo mno. Injini itapata moto kupita kiasi na kugonga. Mkirudi, mkifika juu, pandisheni.