Kabla Kitabu Kipya cha Kanuni Hakijafika Mezani: Mambo ya Kuzingatia

Tangazo likitoka kwamba vitabu vipya vya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo watu hubuni wahusika na kucheza hadithi kwa dadu na kanuni, viko njiani, makundi ya WhatsApp ya wachezaji wa Kampala huchangamka siku hiyohiyo. Picha za jalada zinasambaa, mmoja anauliza bei, mwingine anataka kampeni, yaani hadithi ndefu inayochezwa kipindi baada ya kipindi, isimame mpaka kitabu kifike. Tulieni kwanza. Kuna mambo ya kupanga mapema, na mengi hayahusu kitabu chenyewe bali watu watakaokaa kukizunguka. Nimeshuhudia meza nzuri, yaani kundi linalocheza pamoja, ikivunjika kwa jambo ambalo lingemalizwa na mazungumzo ya nusu saa, na sipendi kuona wengine wakipitia hayo.

Kwanza, jua kinachokuja na mpangilio wake. Vitabu vya msingi ni vitatu: cha wachezaji, cha msimulizi (yule anayeendesha hadithi, tunayemwita DM) na cha viumbe wa kupigana nao. Havitoki siku moja, na tarehe husogea. Toleo la tano lilianza Agosti 2014 na kitabu cha wachezaji, cha viumbe kikafuata Septemba, na cha msimulizi kilichokuwa kimeahidiwa Novemba kikatoka Desemba. Marekebisho ya 2024 nayo yalianza Septemba, yakaendelea Novemba, na kitabu cha viumbe kikaja Februari 2025. Hesabu mwenyewe: kwa miezi mitano wachezaji walikuwa na nguvu mpya huku wakipigana na mazimwi ya kitabu cha zamani. Kwa hiyo usitangaze kwamba kampeni mpya inaanza wiki ya uzinduzi. Uzinduzi ni wa Marekani. Mzigo wako bado una safari ya kufika Entebbe.

Usimjenge mhusika wako juu ya rasimu. Kabla ya vitabu vya 2024, kampuni yenye mchezo, Wizards of the Coast, ilitoa rasimu za majaribio kuanzia Agosti 2022, na ile ya kwanza ilisema pigo la ishirini kamili (dadu ya pande ishirini ikionyesha 20, pigo huumiza zaidi) liwe la wachezaji tu, viumbe wasilipate. Kuna waliopanga mbinu nzima kwa kanuni hiyo. Ikaondolewa. Mwaka 2023 druidi, mhusika mwenye uchawi wa msituni, akapewa mtindo mpya wa kujigeuza mnyama, nao ukatupwa. Soma rasimu, jaza dodoso lao ukiwa na maoni, lakini kalamu isiguse karatasi ya mhusika mpaka kitabu kichapwe.

Fedha. Kila kitabu cha msingi cha 2024 kilitoka kwa takriban dola 50, kina kurasa 384 na kinazidi kilo moja. Kwa bei ya dola ya miaka hii unazungumzia zaidi ya shilingi 175,000 kabla ya nauli, na wasafirishaji hutoza kwa kilo. Omba jumla yote kwa maandishi kabla ya kulipa, si bei ya kitabu peke yake. Kama kuna shangazi au binamu anayerudi kutoka London, muulize mapema kama ana nafasi kwenye begi, si usiku wa kuamkia safari. Meza ya watu watano haihitaji vitabu vitano siku ya kwanza. Changeni kimoja, cha wachezaji, kwa sababu ndicho kitakachofunguliwa na kila mtu. Na andikeni nani kachanga kiasi gani, na kitabu kitabaki kwa nani kundi likitawanyika. Watu wanaona aibu kuuliza hilo mwanzoni, halafu wanagombana mwishoni.

Kabla hata ya kuchanga, pakueni cha bure. Tarehe 27 Januari 2023, baada ya rasimu ya leseni mpya ya kutumia kanuni za mchezo kuvuja na kuwakasirisha wachezaji na wachapishaji wadogo, kampuni ya Wizards of the Coast iliweka kanuni za msingi za toleo la tano, zile zinazoitwa SRD, chini ya leseni ya Creative Commons. Aprili 2025 ikafanya hivyo kwa kanuni zilizorekebishwa, SRD 5.2. Ndani yake mna klasi, yaani aina za wahusika, zote 12, kila moja ikiwa na tawi moja la kubobea, pamoja na uchawi na viumbe wengi. Leseni inaruhusu kunakili na kuchapa mradi utaje chanzo. Kwa hiyo unaweza kwenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji, ukiwa na faili kwenye flashi, ukachapa sura mnazohitaji, zikafungwa kwa waya wa duara, na hujamwibia mtu. Yule anayekuuzia kitabu kizima kilichotolewa kopi, jalada limefifia na kurasa za katikati zimepinda, mwache. Gundi ya kitabu hicho haivumilii miezi ya kufunguliwa na kufungwa, na majedwali na michoro huwa havisomeki. Wanaopenda Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, wana nafuu zaidi, kwa sababu kanuni zake zinasomwa bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Kampeni mnayocheza sasa itakuwaje? Amueni kabla kitabu hakijafika. Nilikuwa kwenye meza moja Ntinda, sebuleni kwa rafiki, Jumamosi baada ya Jumamosi, tukicheza kanuni za 2014. Miongoni mwetu kulikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akitoka Kikoni kwa taxi mbili, na mhusika wake alikuwa paladini, shujaa wa upanga mwenye nguvu za kimungu. Karatasi yake ilikuwa imelainika kwa kufutwa na kuandikwa upya. Kila alipopanda ngazi alichagua jambo moja tu: kupiga mara mbili katika zamu, na kila pigo likipata, kulitwika nguvu ya kimungu. Kanuni ya zamani iliruhusu. Ukigusa adui kwa upanga unatoa nafasi ya uchawi (akiba ya mhusika ya kufanya uchawi, nayo huisha) na kuongeza dadu za pande nane, na ukigusa tena unaongeza tena, zamu ileile, mradi nafasi hazijaisha. Kijana alikuwa na mfuko mdogo wa kitenge uliojaa dadu za pande nane pekee, na alipoumimina mezani sote tulinyamaza.

Kitabu kipya kilifika siku mbili kabla ya kipindi kikubwa, kile cha kukutana na joka tulilolifuata tangu mwanzo wa kampeni. Msimulizi wetu alifurahi kama sisi. Akakiweka katikati ya meza, sote tukakishika, tukanusa karatasi, tukafungua michoro. Kisha akasema kuanzia leo tunatumia hiki. Hakuna aliyepinga, maana kila mtu alikuwa bado anagombania zamu ya kukifungua.

Vita vikaanza. Paladini akapiga, akapata. Akapiga tena, akapata. Akamimina dadu zake. Msimulizi akafunua ukurasa na kusema hapana: sasa nguvu hiyo ni uchawi unaotumia kitendo cha nyongeza, kile kidogo kando ya kitendo kikuu, na kitendo cha nyongeza ni kimoja tu kwa zamu. Kijana akarudisha nusu ya dadu mfukoni, moja baada ya nyingine. Joka likabaki na uhai kidogo, uhai ambao kwa kanuni aliyoizoea ungekuwa umeisha. Zamu yake ilipofika likatema moto, paladini akaanguka, na dadu za kumnusuru zikakataa. Jioni hiyohiyo mganga wetu alikuwa akinufaika na kitabu kilekile, kwa sababu uchawi wa kuponya majeraha uliokuwa dadu moja ya pande nane sasa ni mbili. Kijana aliona wazi kwamba sheria imebadilika katikati ya safari, na aliyekatwa ni yeye.

Hakugomba. Alishukuru, akakunja karatasi, akaita boda. Jumamosi iliyofuata alisema ana mitihani, na iliyofuata pia. Rafiki yake aliyekuja kwa sababu yake naye akaacha. Kitabu cha viumbe kilipotoka Februari hakukuwa tena na meza ya kukifungulia.

Niwe wazi: kanuni mpya ni nzuri. Inamzuia paladini kumaliza vita peke yake ndani ya sekunde sita za mchezo huku wengine wakitazama. Kilichovunja meza ni saa iliyochaguliwa. Mtu aliyejenga mhusika kwa sheria fulani kwa muda mrefu anastahili kuambiwa sheria inabadilika kabla hajaingia kwenye pango la joka.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Msimulizi akisome kitabu peke yake kwanza, wiki nzima ikibidi, na aandike yanayomgusa kila mhusika aliye mezani. Paladini ni huyo niliyemweleza. Mwizi anayeishi kwa kuvizia naye ana lake: zamani adui aliyeshtukizwa alipoteza zamu yake ya kwanza, sasa anarusha dadu mbili za kupanga zamu na kuchukua ndogo. Kunywa dawa ya kuponya, ambako kulikula kitendo kizima, sasa ni kitendo cha nyongeza. Kila mtu aambiwe lake ana kwa ana, kisha achague: kumjenga mhusika upya kwa kitabu kipya, au kubaki na wa zamani mpaka kampeni iishe. Badilisheni kanuni baina ya sura mbili za hadithi, wahusika wakiwa mjini wanakula na kupumzika, kamwe si katikati ya vita. Chezeni pambano moja la majaribio lisilohesabiwa, na adui mnayemjua, ili mikono ianze kuzoea. Mkikubaliana, msimulizi aandike nusu ukurasa na kuubandika juu ya kundi la WhatsApp, asije mtu akasema hakusikia. Kama kampeni imebakiza vipindi vichache, imalizeni kwa kanuni mlizoanza nazo. Kitabu hakiozi kabatini.

Wala msisimamishe mchezo kukisubiri. Watu wanaopumzika miezi mitatu wanapata kazi, wanahamia Mbarara, wanaoa.

Wanaotegemea simu, chapeni karatasi zenu za wahusika. Agosti 2024 huduma rasmi ya D&D Beyond ilitangaza kwamba uchawi wa zamani kwenye karatasi za wahusika ungebadilishwa na ule mpya. Wachezaji walipiga kelele na kampuni ikarudi nyuma baada ya siku chache, lakini tangazo hilo lionyeshe nani anashika kalamu ukiwa huna nakala. Tena intaneti yetu tunaijua. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na mwenye kanuni zake zote kwenye akaunti ya mtandaoni hakuwa na cha kufungua. Pakua faili zikae ndani ya simu, chaji betri ya akiba kabla ya kipindi, na uwe na taa isiyotegemea nguzo ya mtaani kwenu.

Mengine ni ya kawaida. Kitabu kifunikwe kwa nailoni, na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) iliwe kabla ya kukigusa, maana mafuta hayatoki kwenye karatasi ile. Ukikiazima, andika jina na tarehe. Ukiona mtu mtandaoni anadai ana kitabu ambacho kampuni yenyewe haijakitoa, usitume hata shilingi ya kushikilia nafasi. Malipo ya mobile money yakishaenda kwa namba usiyoijua, kuyarudisha ni kazi. Aliye na duka la kweli atakubali ulipe ukishakiona. Na ukipewa tarehe ya kufika kwa mzigo, uliza pia nani wa kupigiwa ukichelewa, uipate namba yake, na uipige mara moja kabla hujalipa uone kama inapokelewa.