Kupanga Mabomba na Tabaka la Mchanga katika Tangi la Maji ya Bahari la Nyumbani

Katika tangi la maji ya bahari, vitu vingi vinaweza kubadilishwa baadaye bila usumbufu mkubwa: taa, hita, hata mpangilio wa mawe. Mabomba na mchanga ni kazi ngumu zaidi kurekebisha, kwa sababu tundu likishatobolewa kwenye kioo halizibiki kirahisi, na mchanga uliokwisha kukaa na viumbe hauchimbuliwi bila kuchafua maji yote. Mambo haya mawili hupangwa kwa pamoja. Kasi ya maji ndiyo inayoamua ni mchanga wa aina gani utatulia, na unene wa mchanga ndio unaoamua pampu zikae kimo gani. Maelezo haya yanachukua mfano wa tangi lenye urefu wa sm 120, upana wa sm 50 na kimo cha sm 50, yaani ujazo wa takriban lita 300, lililounganishwa na tangi dogo la chini ambamo hukaa vichujio na pampu ya kurudisha maji juu.

Anza kwa kujiuliza nini kitatokea umeme ukikatika. Pampu ikisimama, maji ya tangi la juu huendelea kuteremka hadi yafike ukingo wa kisanduku cha kufurikia, yaani kile kinachopokea maji ya juu na kuyaingiza kwenye mabomba ya kuteremshia, na mara nyingi hurudi pia kupitia bomba la kupandishia hadi mdomo wake upate hewa. Kwa tangi la mfano wetu, kila sentimita moja ya kimo ni lita 6 za maji. Mdomo wa bomba la kupandishia ukiwa umezama sm 4 chini ya uso wa maji, lita 24 zitashuka, na hapo hujahesabu maji yaliyomo ndani ya mabomba na ndani ya kisanduku chenyewe. Kwa hiyo tangi la chini liwe na nafasi tupu ya lita 30 au zaidi juu ya kimo cha kawaida cha maji yake. Likiwa na urefu wa sm 80 na upana wa sm 40, nafasi hiyo ni karibu sm 10 za kimo. Fanya hesabu hii kabla ya kununua tangi la chini, kwa maana wengi hununua lile linaloenea kabatini, kisha hugundua upungufu wake maji yakiwa sakafuni.

Mabomba ya kuteremshia yawe mawili, na kila moja lishuke peke yake hadi chini bila kuunganishwa na jingine. La kwanza hufanya kazi likiwa limejaa maji matupu bila hewa, na mtiririko wake hurekebishwa kwa koki. Bomba lililojaa namna hiyo halitoi sauti ya kugugumia wala viputo. Mdomo wa bomba la pili uwe juu kidogo ya ule wa kwanza, nalo lisiwekewe koki hata kidogo, kwa kuwa kazi yake ni kupokea maji yote iwapo la kwanza litazibwa na konokono au kipande cha mwani. Kwa kurekebisha bomba la kwanza, koki ya geti, ile inayofungwa kwa kuzungushwa mara nyingi, inafaa kuliko koki ya kugeuza robo duara, kwani tofauti kati ya kimya na kelele ni mzunguko mdogo sana wa mkono. Miisho ya mabomba yote mawili izame sm 2 au 3 tu katika maji ya tangi la chini. Ikizama zaidi, hewa iliyomo ndani hushindwa kutoka pampu inapowashwa, na maji ya juu hupanda kupita kiasi kabla bomba halijaanza kuvuta.

Kabla ya kutoboa, hakikisha kwamba kioo husika si kile kilichoimarishwa kwa joto, maana kioo cha namna hiyo hupasuka vipande vipande papo hapo. Vitako vya matangi mengi ya kiwandani ni vya kioo hicho, kwa hiyo muulize mtengenezaji. Tumia biti ya duara yenye ukingo wa almasi, zungusha drili polepole, mwagia maji muda wote, na usikandamize. Uzito wa drili yenyewe unatosha. Kiungo kinachopita kwenye tundu huwa na kola upande mmoja na nati upande wa pili. Washa ya mpira hukaa upande wa kola, ndani ya tangi, ili mpira ukandamizwe moja kwa moja kwenye kioo. Kaza nati kwa mkono, kisha ongeza robo ya mzunguko tu. Anayekaza kwa spana kubwa akidhani anaongeza usalama huishia kupasua kioo au kuupinda mpira, na kiungo kinaanza kuvuja.

Kuhusu pampu, usidanganywe na tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi. Kiwango kile ni cha pampu isiyopandisha maji kokote. Kadiri kimo kinavyoongezeka, na kadiri bomba linavyokuwa na kona nyingi, ndivyo kiasi kinachofika juu kinavyopungua, kwa hiyo soma mchoro wa mtengenezaji kwenye kimo chako halisi. Kwa tangi la lita 300, mtiririko halisi wa lita 1,500 kwa saa kupitia tangi la chini unatosha, kwa sababu mwendo wa maji wanaouhitaji samaki na matumbawe huletwa na pampu za mawimbi zilizomo ndani ya tangi lenyewe. Bomba la kupandishia lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu, na pale nafasi inaporuhusu, elbo mbili za nyuzi 45 hupitisha maji vizuri kuliko moja ya nyuzi 90. Mdomo wa kurudishia uwe karibu na uso wa maji. Wengine hutoboa tundu dogo la milimita chache kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso, ili hewa iingie na kukata mvuto umeme unapokatika. Ni jambo jema mradi likaguliwe mara kwa mara, maana mwani huliziba. Valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma siitegemei kabisa: punje moja ya mchanga au ganda la chokaa kwenye kifuniko chake linatosha kuiacha wazi.

Mabomba na viungo vyote viwe vya plastiki. Shaba na aloi zake haziruhusiwi mahali popote maji yanapogusa, kwa kuwa kiasi kidogo tu cha shaba huua kamba, konokono na matumbawe, na chuma cha kawaida huliwa na chumvi. Kata bomba la PVC likiwa limenyooka, ondoa machicha kwa msasa, pangilia kila kitu kikiwa kikavu na uweke alama kwa kalamu, ndipo upake kisafishio na gundi pande zote mbili. Sukuma bomba hadi mwisho huku ukilizungusha robo duara, kisha lishikilie kwa takriban nusu dakika, kwani viungo vibichi hupenda kusukumana nyuma. Weka yunioni, yaani kiungo kinachofunguliwa na kufungwa bila kukata bomba, pande zote mbili za kila kitu kitakachohitaji kutolewa, hasa pampu, kisha acha gundi ikauke saa 24 kabla ya kuingiza maji.

Majaribio yafanywe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kabla ya mchanga kuingia. Jaza, washa, na baada ya mtiririko kutulia zima pampu kwa makusudi. Maji yakiisha kushuka, chora mstari kwenye tangi la chini kuonyesha kimo yalipofika. Halafu washa tena na ulizibe bomba la kwanza kwa mkono: la pili lazima libebe maji yote ya pampu bila tangi la juu kufurika. Mwisho, ziba yote mawili na uangalie kama chumba cha pampu, yaani sehemu ya tangi la chini ilimo pampu, huishiwa maji kabla tangi la juu halijamwagika. Likikaribia kumwagika, punguza maji unayoweka katika chumba hicho. Acha mfumo ukiwaka siku nzima, kisha pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo, kwa sababu karatasi huonyesha unyevu ambao jicho haliuoni.

Baada ya hapo ndipo mchanga unaingia. Unaofaa zaidi ni wa aragonaiti, yaani kalisiamu kabonati iliyotokana na viumbe vya bahari au kujijenga yenyewe majini. Inasemwa mara nyingi kwamba mchanga huu hushikilia pH ya tangi, lakini katika maji yenye pH ya 8 na zaidi hauyeyuki kwa kiasi cha kuleta tofauti, kwa hiyo usiutegemee kwa hilo. Faida yake ni uso wake, ambao bakteria huushika, na umbo la chembe lisilochoma wanyama wanaochimba. Chembe za mm 1 hadi 2 hutulia vizuri chini ya pampu za mawimbi. Zilizo chini ya nusu milimita hupeperuka na kujaa juu ya matumbawe, na zilizozidi mm 3 huacha mianya ambamo uchafu hujificha na kuoza.

Unene uchaguliwe kwa makusudi. Tabaka la sm 2 hadi 5 ni rahisi kulitunza, kwani oksijeni hulifikia karibu lote na unaweza kulisafisha. Tabaka la sm 10 hadi 15 la chembe laini hufanya kazi nyingine: kwenye kina chake oksijeni hukosekana, na bakteria wa huko huigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni inayotoka majini. Jean Jaubert wa Monaco alieneza mfumo unaoacha nafasi ya maji chini ya mchanga kwa lengo hilohilo. Kati ya sm 5 na 10 ni eneo la kuepuka, kwa maana linakusanya uchafu kama tabaka nene bila uhakika wa kuiondoa nitrati. Kwa anayeanza ningeshauri sm 4. Katika tangi letu hizo ni lita 24 za mchanga, kama kilo 35 ukiwa mkavu.

Mawe yatangulie mchanga na yakae moja kwa moja kwenye kitako, ili kamba au samaki anayechimba asiyaangushe kwenye kioo. Mchanga mkavu uoshwe kwenye ndoo kwa maji baridi, ukiukoroga kwa mkono, hadi maji yanayomwagwa yawe karibu maangavu. Ule unaouzwa ukiwa na maji na bakteria hai hauoshwi. Usambaze, weka sahani juu yake, na umwage maji ya chumvi taratibu katikati ya sahani. Maji hayo yawe yamechanganywa pembeni, kwa gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Yakiwa bado yametibuka, usiwashe pampu ya kurudishia, maana vumbi la mchanga hukwaruza mhimili wake. Subiri siku moja au zaidi, kisha elekeza pampu za mawimbi sambamba na uso wa maji. Mahali mchanga unapochimbika shimo, inua pampu badala ya kuongeza mchanga.

Samaki wasubiri hadi vipimo vionyeshe kuwa amonia na nitriti zimefika sifuri, jambo linalochukua wiki kadhaa. Konokono wa Nassarius ni wasaidizi wazuri wa kuugeuza mchanga, lakini kiti cha pweza kinachochekecha mchanga hufa njaa katika tangi dogo baada ya kuumaliza uhai wote uliomo. Tabaka jembamba lisafishwe kwa mpira wa kunyonyea, theluthi moja kila unapobadilisha maji. Tabaka nene lisiguswe kwenye kina chake, kwani weusi na harufu ya yai viza ni dalili ya haidrojeni salfaidi, ambayo ikitibuliwa kwa wingi huua samaki. Pampu itolewe kwenye yunioni zake kila baada ya miezi michache na kulowekwa katika siki iliyochanganywa na maji ili chokaa iyeyuke, na ikisharudishwa, izime mara moja uone kama maji bado yanasimama kwenye mstari uliouchora.