Kupanda Mringaringa Nyumbani

Mringaringa, mti wa asili wa Afrika, huchanua maua meupe yenye umbo la faneli, yanayowavuta nyuki kwa wingi. Yakikauka hubaki mtini, ya kahawia na mepesi kama karatasi, na kwangu mimi hata hapo bado yanapendeza.

Okota matunda ya manjano yaliyoiva, uyaloweke, kisha uyasugue mpaka nyama yake inayonata iishe na kokwa ibaki safi. Kokwa moja huweza kubeba zaidi ya mbegu moja, hivyo miche miwili ikichomoza pamoja, ng'oa ulio dhaifu. Uwe na subira kitaluni, kwani mbegu huota kwa kupishana na nyingine huchukua wiki kadhaa.

Mvua zinapoanza, chimba shimo la sentimita 60 penye jua, walau mita 8 kutoka ukutani, kwa sababu matawi yake hutanda sana. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, panda, mwagilia, kisha weka matandazo yasiyogusa shina. Majani yakipukutika kiangazi usiukate mti ukidhani umekufa: kwangua gome kidogo, na ukiona ukijani chini yake, endelea kuutunza.