Wi-Fi ikipotea baada ya kupandisha Windows kwenda toleo jipya kwenye kompyuta mpakato ya zamani

Usikimbilie kununua kadi mpya ya Wi-Fi. Mara nyingi kadi ni nzima, imekosa draiva tu, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia. Bonyeza Windows + X, fungua Device Manager, tafuta kifaa chenye alama ya njano. Ingia Properties, Details, kisha Hardware Ids. VEN_ hutaja mtengenezaji: VEN_14E4 ni Broadcom, VEN_8086 ni Intel. Vibambo vinne baada ya DEV_ ndivyo vinavyotaja modeli, vinakili bila kukosea.

Ili utafute na kupakua draiva ya modeli hiyo, intaneti ichukue kwenye simu kwa waya wa USB. Draiva ya Windows 8.1 mara nyingi hukubali kwenye Windows 10, mradi biti (aina ya mfumo, 32 au 64) zilingane: ya 32 haiingii kamwe kwenye mfumo wa 64. Kisakinishi kikigoma, fungua zipu ya draiva, rudi kwenye kifaa kile katika Device Manager, chagua Update driver, elekeza kwenye folda yenye faili la .inf.