Kijitabu cha katuni cha kurasa nane kutoka karatasi moja

Kijitabu ninachokifundisha hapa hutokana na karatasi moja ya A4 iliyochapwa upande mmoja, ikakatwa mara moja na kukunjwa, bila pini wala gundi. Kila ukurasa huwa na upana wa milimita 74 na urefu wa milimita 105, nafasi inayotosha hadithi fupi ya maajabu ikiwa mchoraji amepanga mapema ni wapi msomaji atafunua.

Hatua ya kwanza ni kutengeneza kielelezo kwa karatasi tupu. Kutanisha kingo mbili ndefu, kunja, kisha fungua. Kutanisha kingo mbili fupi, kunja tena, kisha kunja kila ukingo mfupi hadi mstari wa katikati na uifungue karatasi yote, nawe utapata visanduku vinane. Sasa irudishe katika mkunjo wa kingo fupi na ukate kwa mkasi kufuata mstari wa mkunjo wa kwanza, ule wa kingo ndefu, kuanzia kwenye mkunjo hadi mkunjo unaofuata, usipite hapo. Ukiilaza karatasi wazi mbele yako, andika namba za safu ya chini kutoka kushoto: 6, 7, 8, 1. Za safu ya juu, pia kutoka kushoto, ni 5, 4, 3, 2, ila hizo huandikwa vichwa chini. Kunja kwa urefu, maandishi yakiwa nje, sukuma ncha mbili zikaribiane mpaka mkato ufunuke, kisha zungushia kurasa ziwe kitabu.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo inayostahili muda wako mwingi, ni kuipanga hadithi. Ajabu liwe moja na liwe na sharti moja, kama ngano zetu zinavyomkabidhi mtu funguo za vyumba saba na kumkataza kufungua kimoja. Katika hadithi yangu, fundi cherehani hushona vivuli vilivyochanika, na sharti lake ni kwamba kivuli hushoneka kabla ya jua kuzama tu. Jalada linasema "Paukwa!" na ukurasa wa 2 unaitikia "Pakawa!" juu ya picha ya fundi akiwa kazini, kwa hiyo sikuhitaji utangulizi mwingine wowote.

Kumbuka kwamba kurasa za 2 na 3 huonekana kwa pamoja, vivyo hivyo 4 na 5, na 6 na 7. Swali liwekwe ukurasa wa 3 au wa 5, na jambo la kushtusha liwe nyuma yake, kwenye 4 au 6. Mara ya kwanza nilikosea: nilimwonyesha mtoto akileta kivuli katika ukurasa wa 2, na kivuli chenyewe nikakichora kwenye ukurasa wa 3, hivyo kila niliyempa kijitabu alikiona kabla hajasoma neno. Nilichora upya. Sasa ukurasa wa 3 unaishia fundi akilifungua furushi na kuuliza, "Mwanangu, hiki ni chako kweli?" Msomaji anafunua na kukuta kivuli cha punda kilichotandazwa mezani, mguu mmoja haupo. Kwenye ukurasa wa 6 jua limegusa bahari na fundi anakigeuzia mkasi kivuli chake mwenyewe. Nyuma ya kitabu, ukurasa wa 8, punda anakwenda zake, kivuli chake kikiwa na miguu mitatu na mkono mmoja wa mtu.

Hatua ya tatu ni kuchora. Mimi huchora kwenye A3, kisha hupunguza hadi asilimia 71 ya ukubwa wake ili kupata A4, kwa sababu mistari hutoka safi zaidi. Herufi za A3 zisipungue milimita 4. Acha pambizo ya sentimita moja pande zote, maana mashine nyingi hazifiki ukingoni, na upitishe wino mweusi juu ya penseli kabla ya kufuta.

Epuka kujaza weusi mahali papana. Kivuli cha punda nilikijaza wino, na kopi ikatoka na mabaka ya kijivu. Nilikichora tena kwa mistari ya mshazari iliyosongamana, yote ikielekea upande mmoja, nikaacha ufa mweupe mahali palipochanika na kuupita kwa vijistari vifupi vya kukatiza. Kivuli kikaonekana kimeshonwa kweli, nami tangu hapo huchora vivuli vyote hivyo.

Unapofika steshenari, omba kopi moja kwanza. Ikunje palepale, ukague kama vichwa vya safu ya juu vimesimama na kama hakuna kiputo cha maneno kilichokatwa na mkunjo, ndipo uagize nyingine.