Una mkopo wa kausha damu? Piga hesabu ya riba kwa siku

Jamani kama una mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, na kila ukishika hela unajikuta sokoni Kariakoo unanunua vitu, jaribu hii: chukua riba ya mwezi mzima igawe kwa siku 30. Mfano umekopa laki 3 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, hiyo ni elfu 60, yaani kila kukicha buku mbili inaondoka hata kama hujatoka ndani. Iandike kwenye karatasi ubandike mlangoni, sababu ukiitazama laki 3 unakata tamaa ila buku mbili ya kila siku inauma na inakupa hasira ya kulipa.

Mshahara au hela ya mchezo (upatu) ikiingia lipa deni kwanza kabla hujapita dukani, na muulize mkopeshaji kama ukilipa kidogo kidogo deni lenyewe linapungua maana wengine wanakula riba tu laki 3 inabaki palepale, hapo bora ukusanye ulipe kwa mkupuo. Na kila ukilipa dai risiti au meseji, tafadhali sana.

Vishawishi sasa. Toka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wauza nguo na viatu, toka kabisa usizime sauti tu, ile picha ya "mzigo mpya umeingia" saa tatu usiku ndo inamaliza watu. Sare za harusi nazo, mwambie shoga yako mapema kwamba safari hii unatoa mchango tu, gauni utavaa ulilonalo.